Nani Humpigia Mpigaji?

Mtunzi wa muziki wa filamu na runinga akifa, tunafiwa na nini?

Mwimbaji akifa, twajua tumempoteza nani. Tulimwona jukwaani jasho likimtiririka, jina lake likiitwa na umati. Mwigizaji akifa, uso wake tunao, na tunaweza kuuzungumzia kama wa ndugu. Lakini huyu aliyekaa nyuma ya picha, aliyetutia simanzi kabla mjane hajafungua kinywa, aliyetutia hofu kabla mlango haujasukumwa, huyu hatukumjua. Je, mtu aweza kumlilia asiyemjua? Na kama hawezi, ile simanzi inayonipanda ninapousikia muziki wake ni ya nani?

Nimelibeba swali hili muda mrefu, na kadiri ninavyolibeba ndivyo linavyozidi uzito.

Hapa Laiser Hill, Ongata Rongai, jioni ina saa yake. Saa moja ikitimu, taarifa ya habari ya Kiswahili huanza, na muziki wake wa kufungulia hutoka madirishani, ghorofa baada ya ghorofa. Hautoki kwa pamoja. King'amuzi cha jirani wa chini hutangulia, cha jirani wa pili hukawia kidogo, cha jengo la ng'ambo hukawia zaidi. Basi noti ile ile ya kwanza husikika mara nne, mara tano, ikijifuata yenyewe kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha sauti ya mtangazaji huingia na muziki hukatwa.

Hakuna anayeinua kichwa. Sukuma wiki inakatwa jikoni. Mtoto anamalizia hesabu za shule. Mtu aliyetoka mjini anageuza ufunguo kitasani, na kwa kuusikia muziki ule anajua tu kwamba amechelewa.

Nikiwa roshani hujiuliza: aliyeutunga yuko wapi saa hii? Akiusikia ukipita hivi, ukikatwa hivi, moyo wake humwambia nini? Alikesha siku ngapi akitafuta sauti ambayo mtu ataizoea upesi kiasi cha kutoisikia tena? Zipo kazi ambazo ukamilifu wake ni kusahauliwa zikiwa zinatumika. Mwenye kazi ya namna hiyo huzikwa lini? Siku anapokata roho, au siku ile ya kwanza sisi tulipoacha kusikia?

Ukigeuka magharibi kutoka huku, Milima ya Ngong imelala mbele yako na mitambo ya upepo mgongoni.

Milima hii dunia nzima imeiona. Mwaka 1985 ilitoka filamu ya Out of Africa, na baadhi ya picha zake zilichukuliwa pande hizi za Ngong na Karen. Muziki wake aliutunga Mwingereza John Barry, mtu wa York, yule yule aliyewahi kuutungia muziki mfululizo wa runinga wa The Persuaders! mwaka 1971. Kazi yake ya Ngong ilimpa tuzo ya Oscar. Tangu hapo, wako watu wasiowahi kukanyaga Kenya ambao wakizisikia tu fidla zile huiona milima, huuona uwanda, na hushikwa na hamu ya mahali ambapo hawajawahi kufika. Barry alifariki tarehe 30 Januari 2011. Fidla bado zinapita juu ya Ngong kila filamu inapoonyeshwa.

Katika filamu hiyo hiyo yumo kijana aitwaye Job Seda. Aliigiza kama Kanuthia, mmoja wa watumishi. Ukiitazama leo utamwona, kijana mwembamba mbele ya kamera, katika nchi yake mwenyewe, na juu ya kichwa chake muziki wa okestra ya ng'ambo ukieleza nchi hiyo ni nini.

Kijana huyo alikuwa mpiga nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ayub Ogada.

Kila nikiifikiria picha hiyo, jambo moja hunikaba. Mtu aliyekuwa na sauti ya nchi vidoleni alisimama ndani ya picha ya nchi, na picha ikasonga mbele bila sauti yake. Sisemi hivi kumlaumu Barry. Muziki wake ni mzuri, nami huupenda. Nauliza tu: ni wangapi wamesimama hivyo, mbele ya macho yetu, wakiwa wamebeba wimbo ambao hatukuwaomba waupige?

Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956, wazazi wake Wajaluo na wanamuziki. Sehemu ya utoto wake aliishi Chicago, ambako wazazi hao waliwapigia Wamarekani muziki wa kwao. Kwa hiyo alijua mapema jinsi wimbo unavyosikika mbali na udongo wake. Miaka ya sabini alikuwa na bendi ya Black Savage ya Nairobi, na mwaka 1979 akawa miongoni mwa walioanzisha African Heritage Band. Mwaka 1986 alivuka kwenda Uingereza na nyatiti yake, akapiga mitaani kwa sarafu za wapita njia, hadi watu wa tamasha la WOMAD walipomsikia. Albamu yake ya En Mana Kuoyo ilitoka mwaka 1993 chini ya Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel.

Humo ndimo ulimo wimbo wa Kothbiro. Mvua inakuja, watoto wanaambiwa, rudisheni ng'ombe nyumbani. Maneno ni hayo tu, ya mtu mzima anayetazama wingu.

Mwaka 2005 Kothbiro uliingia katika filamu ya The Constant Gardener, iliyopigwa Kibera na kaskazini kwenye Ziwa Turkana. Ni kisa cha mume anayefuata nyayo za mkewe aliyeuawa, akimfahamu vizuri zaidi akiwa maiti kuliko alivyomfahamu akiwa hai. Watazamaji wa dunia nzima walisikia sauti ya Ogada na nyuzi zake, wakalia. Wengi hawakujua neno moja la Kijaluo. Hawakujua habari za ng'ombe wala wingu. Walichosikia ni msiba.

Sijui niite nini jambo hili. Wimbo ulipoteza maana yake, au ulifikia maana iliyokuwa imejificha ndani yake tangu mwanzo? Kumwita mtoto arudi kabla ya mvua ni kuogopa kwamba hatarudi. Pengine wale waliolia London na São Paulo walimsikia mtunzi vizuri kuliko sisi tuliolijua kila neno. Au pengine hawakumsikia kabisa, walijisikia wenyewe, naye akawa ukuta wa kuegemezea machozi yao.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye nyatiti yenyewe, kwa sababu chombo hiki kina historia na msiba iliyotangulia sinema zote.

Nyatiti ina nyuzi nane. Zamani zilitengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Mpigaji, jathum, hukaa kwenye kigoda kifupi, chombo kimeinamishwa mbele yake karibu na ardhi. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete nzito ya chuma, nayo huigonga kwenye ukingo wa chombo kuweka mapigo. Mguuni amefunga njuga. Vidole vinakwaruza nyuzi, chuma kinagonga mti, njuga zinajibu, na juu yake sauti ya mtu. Kiwiliwili kimoja kinafanya kazi ya watu wanne.

Na mahali pake pakubwa palikuwa matangani. Jathum aliitwa kwenye boma la marehemu, naye kabla ya kupiga aliuliza: marehemu ni nani, mtoto wa nani, ameoa wapi, alifanya nini alipokuwa na nguvu? Majibu aliyatia ndani ya wimbo. Waliohudhuria waliweza kumsimamisha katikati. Mtu alisimama, akatoa pesa, akajisifu, akamsifu rafiki yake, akasifu kwao. Wajaluo huliita hilo pakruok. Nyuzi zilinyamaza mtu aseme, kisha zikaendelea, na wimbo ulioendelea haukuwa tena ule uliosimamishwa, kwa sababu sasa ulikuwa na jina jipya ndani yake.

Lifikirie jambo hilo taratibu. Muziki uliokujua jina. Muziki ulioweza kusimama ukakungoja.

Na mpigaji pia alijulikana. Uso wake ulionekana kwa mwanga wa taa ya karabai, mkono wake uliopokea noti ulikuwa ule ule uliopiga, na aliyelia alimwona aliyemliza. Kati ya wimbo na mfiwa hapakuwa na mtu mwingine, wala kioo.

Runinga na sinema zilipochukua sauti hii, zilichukua nyuzi, chuma na njuga. Zikaacha kule kusimama. Hakuna awezaye kuinuka sebuleni Rongai akaisimamisha Kothbiro katikati, akamwambia Ogada, ngoja, mtie na mama yangu humu. Wimbo utapita jinsi ulivyorekodiwa. Utakuwa mzuri vile vile kwa mfiwa na kwa asiyefiwa, na hautamtofautisha mmoja na mwingine.

Rekodi haifi. Lakini rekodi haikujui.

Labda hilo ndilo linalopotea mtunzi anapokufa. Sauti ipo, itakuwepo kesho, yaweza kupigwa sasa hivi kwenye simu ya abiria aliyekwama kwenye matatu Barabara ya Magadi. Kilichokatika ni uwezekano. Hakuna tena mkono unaoweza kuubadilisha wimbo kwa ajili ya mtu mmoja. Kila mwanamuziki aliye hai ana nyimbo zake, na nyuma ya hizo ana wimbo ambao hajautunga bado. Tunapomzika, ule uliotungwa tunabaki nao. Ambao haujatungwa tunauzika pamoja naye, na kwa kuwa hatukuusikia, hatuwezi hata kuulilia.

Unaliliaje kisichowahi kuwepo?

Nafikiri pia juu ya mwaka 1963, kwa sababu mwaka huo kazi mbili zilifanyika mbali sana moja na nyingine, na zote mbili zikaishia kwenye vioo vya runinga.

Uingereza, Ron Grainer aliandika noti za ufunguzi wa mfululizo wa Doctor Who. Aliyezigeuza kuwa sauti ni Delia Derbyshire, katika karakana ya sauti ya BBC. Alikata ukanda wa sumaku vipande vipande na kuviunga kwa mkono, noti kwa noti, kabla ya mashine za kisasa za muziki kuwepo. Grainer alitaka Derbyshire ashirikishwe sifa. Kanuni za shirika hazikuruhusu wafanyakazi wa karakana ile kutajwa. Derbyshire alifariki mwaka 2001. Jina lake lilitokea kwenye kioo, kwa kazi ile, mwaka 2013.

Kenya, mwaka huo huo, tume ya wanamuziki ilitafuta wimbo wa taifa jipya: Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Walichoridhika nacho kilitoka Mto Tana, wimbo ambao Wapokomo waliwaimbia watoto wao wapate usingizi, na tume iliupata kwa Mzee Meza Morowa Galana. Runinga ilikuwa imeingia nchini mwaka mmoja tu kabla. Miaka mingi baadaye, Sauti ya Kenya ilipofunga matangazo usiku, kitu cha mwisho kusikika kilikuwa wimbo huo, bendera ikipepea, kisha kioo kikabaki na chenga zake.

Hivyo taifa zima lilipelekwa kulala kwa bembelezi la Wapokomo, na wengi wetu hatukujua. Tulisimama wima shuleni tukauimba kwa vifua vilivyotunishwa, kumbe mama fulani kando ya Tana aliuimba amekaa chini, mtoto begani, kwa sauti ya chini kabisa.

Huyo mama naye alikuwa mtunzi. Hakuna aliyeandika jina lake, maana bembelezi hupita midomo mingi hadi linakuwa la wote. Je, hiyo ni hasara? Siku nyingine naona ndiyo, kubwa mno. Siku nyingine naona huo ndio mwisho mwema kuliko yote ambao wimbo waweza kuupata: kupendwa hadi usiwe na mwenyewe. Nimeshindwa kuamua. Pengine jawabu hutegemea kama mwenyewe alitaka kusahauliwa, na hakuna aliyemuuliza.

Sheria imejaribu kuamua kwa niaba yetu. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, kazi ya muziki hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa hiyo nyimbo ambazo Ogada alizitunga peke yake zitakuwa na mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2069. Alfajiri inayofuata zitakuwa za kila mtu. Nimeitazama tarehe hiyo kwa mshangao. Binadamu hana kipimo cha huzuni, lakini ana kipimo cha miaka ambayo marehemu anaruhusiwa kuendelea kumiliki sauti yake.

Na sauti ile haikuacha kusafiri hata Ogada alipozeeka. Tarehe 1 Juni 2018, Kanye West alitoa albamu, na ndani yake wimbo wa Yikes, ambao ulichukua kipande cha Kothbiro ya Black Savage ya mwaka 1976, kazi ya James Mbarack Achieng na Ogada. Vijana wa mabara yote wakatikisa vichwa kwa sauti iliyorekodiwa kabla wazazi wao hawajakutana. Miezi minane baadaye, tarehe 1 Februari 2019, Ayub Ogada alifariki nyumbani kwake Nyahera, Kisumu.

Kwa hiyo zilikuwepo siku, mwaka ule, ambapo sauti ya ujana wake ilikuwa inasikika Chicago, jiji lile lile la utoto wake, naye mwenyewe yuko Nyahera, mzee, ng'ombe wa majirani wakirudi jioni. Ni yupi kati yao aliyekuwa Ogada? Yule wa kwenye spika au yule wa uani? Na alipokata roho, yule wa kwenye spika aliambiwa na nani?

Naitazama tena milima. Katika filamu ya 1985 haina mtambo hata mmoja. Huku Kajiado, uwanda wa Kitengela, ambako nyumbu walikuwa wakitawanyika msimu wa mvua wakitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, umekatwa viwanja, nyaya na kuta za mawe, na sisi tunaoishi hapa ndio tuliozijenga. Picha imehifadhi uwanda ambao ardhi imeupoteza. Nyuzi za Ogada nazo zimehifadhi vidole ambavyo ardhi imevipokea. Tunaita huko kuhifadhi, na neno linafariji. Lakini nyumbu wa kwenye picha hali majani, na kidole cha kwenye rekodi hakiwezi kushikwa.

Hatuna dawa ya hili, na sidhani inatafutwa. Kila kilichotugusa kilikuwa tayari kinapita kilipotugusa. Muziki unalijua hilo kuliko sanaa nyingine yoyote, kwa sababu noti ya pili haiwezi kusikika mpaka ya kwanza imekufa. Mtunzi huishi na kifo hicho kidogo kila siku ya kazi yake, akikipanga, akikipima, akiamua ya kwanza ife upesi au ife polepole. Labda ndiyo maana wengi wao huwa watu wa kimya.

Ninachokifahamu sasa ni kidogo. Tuliporuhusu muziki uingie nyumbani bila mpigaji, tulipata urahisi mkubwa, na gharama yake ni kwamba tulipoteza adabu ya kumsimamisha, kumtaja na kumlipa akiwa amekaa mbele yetu. Tunampigia makofi akishakufa, tunaandika jina lake chini ya picha zake, tunausikiliza wimbo wake kwa mara ya kwanza kwa makini. Lakini matangani hayupo wa kuyapokea hayo. Jathum alijua: marehemu husifiwa, ila anayesikia sifa ni aliye hai.

Ogada hatuwezi tena kumsimamisha. Wala Derbyshire, wala yule mama wa Tana. Deni lao halilipiki, na ni vizuri tukiri hivyo bila kujipoza.

Lakini hapa Rongai, au kule Kitengela, kwenye chumba fulani chenye godoro lililoegemezwa ukutani kuzuia kelele za matatu, yupo mtu usiku huu anayezitafuta noti chache za tamthilia ya mwaka ujao. Tutazizoea, kisha hatutazisikia tena. Ukikutana naye, msomaji wangu, msimamishe. Muulize jina lake, umlipe haki yake, angali hai.